Maua 30 ofisini: yatatibu vichwa vinavyouma?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni ofisa utawala katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Tuko ghorofa ya nne, watu 22 ndani ya chumba kimoja cha kama mita 12 kwa 8, viyoyozi vitatu vya ukutani, madirisha yamefungwa mwaka mzima kwa sababu ya vumbi na kelele za barabarani. Tangu tuhamie humu na kununua samani mpya, watu wanalalamika: kichwa, macho kuwasha, usingizi ikifika saa nane mchana. Bosi amekutana na muuza maua aliyemwambia NASA, shirika la anga la Marekani, walithibitisha kuwa maua ya ndani hufyonza sumu hewani, sasa anataka tununue 30. Mhasibu wetu, mtu mzima, anasema maua yatatunyang'anya oksijeni. Dada mmoja ana pumu. Wengine wanasema tuchukue ya plastiki tu, hayana usumbufu. Uamuzi nimeachiwa mimi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na jibu, maelezo yafuate: maua nunua, ila kwenye dokezo la kuomba fedha usiandike kwamba ni ya kusafisha hewa. Kazi hiyo hayataifanya, na miezi mitatu ikipita vichwa bado vinauma, lawama itakurudia wewe uliyesaini.

Huyo muuza maua hakumdanganya bosi wako. Alisimuliwa nusu ya habari, naye akaiuza nusu hiyo hiyo. Jaribio lipo kweli. NASA walikuwa na shida yao: ndani ya Skylab, kituo chao cha anga cha miaka ya 1970, walikuta hewani kemikali zaidi ya 100 zilizokuwa zikitoka kwenye plastiki, gundi na vifaa vya mle ndani, na huko juu hakuna dirisha la kufungua. Mtafiti wao Bill Wolverton, wa kituo cha Stennis kule Mississippi, akajaribu mimea. Katika ripoti yake ya mwaka 1989 alieleza jinsi alivyoweka mimea ya vyunguni, zikiwemo sansevieria na dracaena, ndani ya masanduku ya plastiki angavu yasiyofikia mita moja ya ujazo, akayaziba kabisa, akaingiza benzeni, formaldehaidi au trikloroethileni, kisha akapima baada ya saa 24. Kemikali zilipungua sana. Aligundua pia kwamba sehemu kubwa ya kazi haifanywi na jani. Ni udongo na vijidudu wanaoishi kwenye mizizi. Hakuna anayebishana na vipimo hivyo hadi leo.

Ubishi uko kwenye sanduku. Ukifungia mmea na gesi kidogo ndani ya kitu kisichopitisha hewa, kwa siku nzima, mmea hauna mshindani. Ofisini kwako mshindani yupo: hewa yenyewe. Hata madirisha yakiwa yamefungwa, hewa hupenya mlangoni kila mtu anapotoka kunywa chai, hupita kwenye nyufa za fremu na chini ya mlango, na huku kabati jipya linaendelea kutoa gesi yake. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, walikusanya tafiti 12 za aina hii zenye majaribio 196, wakayabadilisha matokeo yote yawe kipimo kimoja: mmea mmoja husafisha hewa kiasi gani kwa saa? Jibu la kati likawa mita za ujazo 0.023. Ili maua yafikie kile ambacho jengo la kawaida hufanya kwa kupitisha hewa tu, walihesabu kwamba ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu.

Tupige hesabu ya chumba chako, maana hapo ndipo jambo linapoeleweka. Mita 12 kwa 8, dari tuseme mita 2.7: hewa ya mle ndani ni kama mita za ujazo 260, yaani mapipa 1,300 ya lita 200. Maua 30 ya bosi yatasafisha kwa saa moja hewa ya mapipa matatu na nusu. Ukitaka yabadilishe hewa ya chumba kizima mara moja tu kwa saa, ambayo kwa watu 22 bado ni kidogo, utahitaji vyungu zaidi ya 11,000. Wafanyakazi mtawaweka wapi?

Na kemikali ni nusu moja tu ya hewa mbaya. Nusu ya pili ni sisi. Mtu aliyekaa kwenye kiti hutoa kama lita 18 za hewa ya ukaa kila saa. Mmea huitumia hewa hiyo kwa usanisinuru, lakini usanisinuru unataka mwanga, na mwanga wa ofisi ni hafifu kuliko jicho linavyokuambia. Taa nzuri za mezani hutoa lux 300 hadi 500, wakati chini ya mwembe mchana unapata maelfu, na juani zinakaribia 100,000. Jicho letu hujirekebisha, jani halijirekebishi. Ua lililo pembeni ya printa, mbali na dirisha, kwa sehemu kubwa ya siku linajikimu tu lisife.

Hapo pia ndipo jibu la mhasibu wenu lilipo, na umfikishie kwa heshima zake. Alichofundishwa shuleni ni kweli: gizani mmea hupumua kama sisi, hutumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Kilichokosekana katika somo lile ni kiasi. Pumzi ya vyungu kadhaa usiku kucha ni ndogo mno ukiilinganisha na ya mtu mmoja aliyelala chumba hicho hicho. Kama ua lingetosha kumkosesha mtu oksijeni, kulala na mke au mume kungekuwa hatari kubwa zaidi. Isitoshe, usiku ofisini kwenu hakuna mtu, mlinzi yuko getini. Kwa hiyo waliosifu maua na walioyaogopa wamekosea kwa namna moja: wameyapa nguvu yasiyokuwa nayo.

Sasa vichwa. Sijafika ofisini kwenu, na daktari anayetoa jibu bila kuona mgonjwa anapaswa kuwa mwangalifu, lakini maelezo yako yananipa washukiwa wawili ambao nimewakuta pamoja mara nyingi.

Wa kwanza ni kiyoyozi, au tuseme imani yetu juu ya kiyoyozi. Watu wengi hudhani kile kifaa cha ukutani kinavuta hewa kutoka nje kwa sababu kina bomba na mashine nje. Hakivuti. Bomba lile hupitisha gesi ya kupozea tu. Hewa ya chumbani hunyonywa, hupozwa, hurudishwa ile ile, na kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni watu 22 wanavuta pumzi walizozitoa wenyewe. Baridi yake hutudanganya, kwa kuwa mwili husoma ubaridi kama usafi. Hewa ya nje ina hewa ya ukaa kama sehemu 420 kwa milioni. Chumba kilichojaa watu na kufungwa huvuka 1,000 bila shida, na hapo ndipo usingizi wa saa nane unapoingia, wala si wali wa mchana peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watafiti wa Harvard waliwaweka wafanyakazi 24 katika ofisi maalumu huko Syracuse, New York, wakawa wanabadilisha hewa siku hadi siku bila wao kujua ni siku ipi. Siku za hewa safi nyingi na kemikali chache, alama zao katika mitihani ya kufikiri na kufanya uamuzi zilipanda waziwazi.

Mshukiwa wa pili ni samani mpya. Makabati na meza za MDF na chipubodi, yaani mbao za unga na vipande vya mti, hushikanishwa kwa gundi yenye formaldehaidi, na gesi hiyo hutoka polepole kwa miezi mingi, zaidi kukiwa na joto na unyevu, vitu ambavyo Dar hatuna uhaba navyo. Huwasha macho na koo. Tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Sikuambii hivyo nikutishe. Kiasi cha ofisini kwa kawaida ni kidogo. Nakuambia ili ujue kwamba macho yanayowasha baada ya samani mpya hayaletwi na uvivu wa wafanyakazi, kama mabosi wengine wanavyopenda kusema.

Washukiwa hao wote wawili dawa yao ni moja: hewa ya nje iingie, ya ndani itoke. Mwambie anayefungua ofisi afungue madirisha nusu saa kabla watu hawajafika, kabla ya magari kuwa mengi, na afungue milango ya makabati mapya ili yapumue. Yafunguliwe tena wakati wa chakula cha mchana. Kama kuna upande usiotazama barabara, madirisha ya upande huo yabaki na upenyo siku nzima, hata wa vidole vinne. Angalia jenereta la jengo limewekwa wapi, kwani nimeona madirisha yaliyofunguliwa kwa nia njema yakiingiza moshi wa dizeli. Vichujio vya viyoyozi vioshwe kila mwezi. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi na maji ya bomba. Na ukutani, sehemu ya juu, wekeni feni mbili za kutolea hewa nje. Ndiyo, ubaridi kidogo utapotea na umeme wa Luku utakwenda kasi zaidi. Mkurugenzi akiguna, mkumbushe kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi panapitisha hewa ya kutosha, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, hawataandika kwamba mna maua.

Utaniuliza: basi kwa nini nimesema uyanunue?

Kwa sababu maua yana faida nyingine, ndogo kuliko anayoisema muuzaji, lakini ya kweli zaidi. Faida hiyo hupitia machoni. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu walilala kwenye vyumba vyenye dirisha linalotazama miti, nusu linalotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitali mapema kidogo, kwa wastani siku 7.96 dhidi ya 8.70, na waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Miti ile ilikuwa nje ya kioo. Haikuwasafishia hewa hata kidogo.

Ofisini nako matokeo yanaelekea huko huko. Katika jimbo la Washington mwaka 1996, Virginia Lohr na wenzake waliweka mimea katika chumba cha kompyuta kisicho na madirisha. Watu walijibu jaribio la kompyuta kwa wepesi uliozidi kwa asilimia 12, na shinikizo la damu halikupanda sana kama lilivyopanda bila mimea. Huko Norway, Tove Fjeld alifuatilia wafanyakazi 51 wakiwa na mimea ofisini na wakiwa bila mimea. Vipindi vya mimea, malalamiko ya afya kwa jumla yalipungua asilimia 23, kikohozi asilimia 37, uchovu asilimia 30. Utafiti uliofanywa katika ofisi za Uingereza na Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta ofisi zilizokuwa tupu zikiwekewa mimea, kazi huongezeka kwa asilimia 15. Tena wafanyakazi wale walisema hewa ya ofisi imekuwa bora. Fikiria hilo kidogo, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini habari ya NASA haifi: mtu akiona kijani kibichi, anahisi hewa imekuwa nzuri. Hisia hiyo ina thamani yake, ila usiitumie kufunga madirisha.

Nizipunguze chumvi tafiti hizi kabla hujazipeleka kwa bosi. Nyingi ni za watu wachache, na nyingi zinategemea mtu kujieleza mwenyewe. Dawa ya malaria unaweza kuijaribu kwa kumpa mgonjwa kidonge bandia asijue. Ua huwezi kulificha, anayejaribiwa analiona. Halafu kuna suala la nchi. Norway wakati wa baridi hewa ya ndani hukaushwa na mitambo ya joto hadi koo likakwaruza, na mimea huongeza unyevu kwa kutoa mvuke majanini. Huenda sehemu ya kikohozi kilichopungua ilitokana na hilo. Dar unyevu tunao wa kutosha na kuzidi. Kwa hiyo zile asilimia 37 usiziahidi. Ninachoweza kukuahidi ni kitu cha kawaida: mahali pa kupumzisha macho yaliyochoka na skrini, na chumba ambacho mtu haoni uzito kurudi Jumatatu.

Sasa nikupe siri ambayo wauzaji hawaitaji, kwa kuwa haiuziki. Mwaka 2010 Craig Knight na Alexander Haslam walilinganisha ofisi za namna kadhaa. Ofisi iliyopambwa kwa mimea na picha iliishinda ile tupu. Lakini iliyoshinda zote ni ile ambayo wafanyakazi walipanga mimea na picha wenyewe. Na mahali ambapo walipanga, kisha meneja akaja akapangua, faida ilipotea. Japani nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wafanyakazi 63 walipewa kila mmoja mmea mdogo wa mezani aliouchagua mwenyewe. Wakihisi uchovu, wanauangalia kwa dakika tatu. Wasiwasi wao ulipungua. Unaona kinachojirudia? Mtu na ua lake. Kampuni ikileta vyungu 30 vinavyofanana, ikavipanga mstari mapokezi na kumwachia mfanya usafi avimwagilie, imenunua pambo la wageni. Basi badala ya kuagiza kwa simu, chukua wenzako watano au sita, nendeni Ijumaa mchana kwa wauza maua wa kando ya Barabara ya Bagamoyo, kila mmoja achague lake.

Kabla hamjaenda, nikuzuie mlangoni kwa jambo moja, na hili ndilo ningetaka ulisome mara mbili. Hatari ya kweli ya maua katika ofisi ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa haimo ndani ya jani. Iko kwenye kisahani kilicho chini ya chungu.

Niliwahi kuitwa katika ofisi moja, siitaji, kuangalia kwa nini watu wanaumwa homa mfululizo. Mapokezi palikuwa pazuri kweli, vyungu vikubwa vya kaure, majani yanang'aa. Nikainama, nikavuta kisahani kimoja kuelekea kwenye mwanga. Viluwiluwi walikuwa wanacheza humo. Dada wa mapokezi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo kwa miezi. Hawa si wa mbu wa malaria, ambaye huuma zaidi usiku na hupenda madimbwi ya nje. Ni Aedes, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, anayeeneza homa ya dengue, au kidingapopo kama matangazo ya serikali yanavyoiita. Anapenda vyombo vidogo vya maji karibu na watu: matairi, makopo, visahani vya maua. Tena huuma mchana, saa za kazi. Dar es Salaam tumepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na mwaka 2019, na ofisi nyingi zilikuwa zinatafuta mbu kwenye mitaro huku zikimfuga ndani.

Kutoka yai hadi mbu anayeruka, katika joto letu, ni kama siku saba hadi kumi. Ndiyo maana ukivimwaga visahani vyote mara moja kwa wiki, siku ile ile kila wiki, unamkata kabla hajapata mabawa. Kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji yarudi; kwa hiyo kisahani kisuguliwe kwa brashi. Njia rahisi zaidi ni kujaza kisahani mchanga, maji yakimwagika yafyonzwe humo, pasibaki pa mbu kuogelea. Na msioteshe matawi ndani ya chupa za maji, mtindo ambao naona umependwa sana siku hizi kwa mani planti. Ukiupenda lazima, maji yabadilishwe na chupa isuguliwe kila wiki, bila kukosa.

Kwa dada mwenye pumu, ua la majani tu lisilo na maua ya kuchanua kwa kawaida halina shida, maana halitoi chavua. Shida huja kwa njia nyingine. Udongo unaomwagiliwa kila siku hufanya ukungu juu, na mbegu za ukungu huruka. Majani yasiyofutwa hubeba vumbi. Fikasi, ile yenye majani madogo yanayoning'inia, ina utomvu ambao umewaletea mzio watu wanaoitunza, hivyo isikae karibu naye. Maua yenye harufu kali, ikiwemo asmini tunayoipenda, yabaki nyumbani. Hata hivyo, kama ningekuwa mimi, kabla sijagusa chungu chochote ningeondoa makopo ya kupuliza harufu nzuri na dawa ya mbu mnayopuliza jioni madirisha yakiwa yamefungwa. Hayo yana nafasi kubwa zaidi ya kumbana kifua kuliko jani lolote. Na kama kuna mwenzenu anayetibiwa saratani au aliyepandikizwa kiungo, asishike udongo wa vyungu. Una kuvu ambazo mwili wenye kinga ndogo hauziwezi. Ndiyo maana hospitali hazipeleki maua ya vyungu kwenye wodi za wagonjwa wa aina hiyo.

Ya plastiki? Ofisi zetu zimejaa hayo, na kitu kimoja yanachofanya vizuri ni kukusanya vumbi. Hakuna anayeyafuta kwa kuwa hakuna anayehofia yatakufa. Kwa mwenye pumu hayo ndiyo mabaya zaidi. Usichukue.

Yapi basi? Chumba chenye mwanga hafifu na watu wanaosahau kumwagilia kinataka mimea migumu, na cha kufurahisha ni kwamba migumu kuliko yote ni ya kwetu. Ile wanayoiita zizi planti, yenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, inayouzwa kama imetoka Ulaya, ni Zamioculcas, mmea wa asili wa Afrika Mashariki na kusini mwake, kuanzia Kenya kupitia Tanzania hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kibiashara miaka ya 1990, nasi sasa tunaununua kwa bei ya mgeni. Huhifadhi maji kwenye viazi vyake vya chini, kwa hiyo ukiumwagilia mara moja kwa wiki mbili au tatu umeutosheleza. Sansevieria, au sneki planti, nayo ni ya bara letu. Ndugu yake wa porini ndiye Wamaasai wanayemwita oldupai, na bonde maarufu la Oldupai limepata jina kwake. Dracaena Wachaga wanayo kama isale, jani la kuombea radhi, na sitashangaa ofisini kwenu likipata kazi hiyo pia. Kwenye dirisha lenye mwanga bila jua kali, mwenye mkono mwepesi anaweza kujaribu lile ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwao mwaka 1892 na leo limeenea kwenye vidirisha vya dunia nzima, huku misitu yake ya asili ikizidi kupungua.

Kumwagilia: chomeka kidole udongoni hadi kifundo cha pili. Pakiwa na unyevunyevu, acha. Maua mengi ya ofisini huuliwa na huruma, watu watatu wakimwagilia lile lile siku moja. Zizi planti, mani planti, monstera na hasa difenbakia yana chembe kali ndani ya majani zinazochoma na kuvimbisha mdomo, kwa hiyo kama wenzenu huleta watoto ofisini siku za likizo, difenbakia msinunue kabisa. Ule uvumi kwamba zizi planti huleta saratani hauna msingi. Samadi mbichi isiingie ndani, mtajuta.

Na idadi: 30 ni nyingi mno kwa chumba hicho. Yatakayobaki bila mwenyewe ndiyo yatakayofuga mbu. Chukueni 14 au 15, kila linalonunuliwa liwe na mtu wake aliyelichagua, na siku ya visahani iwe Ijumaa kabla ya kufunga. Fedha iliyobaki ongezea kwenye feni. Dokezo liandike hivi: "Feni mbili za kutolea hewa pamoja na ufundi, kwa ajili ya afya ya wafanyakazi. Maua 15 na vyungu vyake, kwa ajili ya kupendezesha ofisi." Bosi akikuuliza mbona umebadilisha mpango wake, mpe hesabu ya mapipa.